Vyungu Tulivyovitoa Bila Kuvijaribu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya vyungu vya kuyeyushia madini nyuma ya soko la Kariakoo, Mkemia Mkuu alinipa kiti nikae mbele ya tanuri nisubiri chungu kipasuke. Kilikuwa cha zirkonia tupu, poda nyeupe inayostahimili moto unaoyeyusha chuma. Motoni kilikuwa kizima. Kilipoanza kupoa kikalia ka, ka, kikawa vipande. Akanieleza kwamba chembe zake hubadili umbo zikipata moto, na zikipoa hurudia umbo la zamani na kutanuka, hivyo chungu hujivunja chenyewe. Dawa yake ni kuchanganya itria, poda nyingine inayozishika chembe zisirudi.

“Usije ukamwambia mteja chungu ni kizima kabla hujakipasha na kukipoza mara tatu,” alisema.

Nilianzia kwenye kuchanganya poda, nikapelekwa kwenye tanuri, mwisho nikawa mkaguzi. Nyinyi vijana mnaosoma vipimo kwenye skrini mtacheka, lakini mara tatu hizo nilizifuata miaka yote.

Mkemia Mkuu akastaafu, akaja Meneja, mtu wa tai na haraka. Msimu mmoja wa harusi itria yetu ilikwama bandarini, na masonara wa mtaa wa Posta walitaka vyungu. Meneja akaagiza tupunguze itria iliyobaki ili ienee. Nikakataa kuvipitisha bila majaribio. Akachukua kimoja, akakigonga kwa kidole kama anayechagua nazi sokoni. Mtu mwenye shahada, jamani! Mlio wa siku ya kwanza hauonyeshi kitu. Ubovu huja chungu kikishapashwa na kupoa, kikapashwa tena.

“Sikia kinavyolia, Mama Zuhura,” alisema. “Hivi vinatoka leo.”

Vikatoka. Wiki haikuisha, kimoja kikapasuka kwenye koleo la Bwana Dinesh, sonara niliyefahamiana naye tangu ujana wetu, na madini ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Meneja akaandika ripoti kwamba mteja alikipasha chungu haraka mno, akaniwekea mezani nisaini kama mkaguzi. Nikasaini. Niliogopa kufukuzwa. Yule Meneja bado ananichemsha damu, lakini saini ni yangu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Meneja huyohuyo alisimama akasifu umakini wangu, watu wakapiga makofi. Nilikaa pale na cheti mapajani, nimekasirika, keki sikuigusa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Posta. Bwana Dinesh alikuwa nyuma ya kaunta. Kuyeyusha amemwachia binti yake.

“Bwana Dinesh, hukukosea,” nilimwambia. “Chungu kilikuwa kibovu. Nilijua kabla hakijatoka kwetu.”

Akasema aliacha kuyeyusha kwa sababu aliamini amezeeka, kwamba hawezi tena kuupima moto kwa macho. Hata mkewe alimwambia hivyo.

“Kila sikukuu ya Diwali umekuja nyumbani, Mama Zuhura,” alisema. “Umekula na sisi, umecheka na sisi. Wakati wote huo ulikuwa unajua?”

Nikasema ndiyo. Akamwita binti yake aje anifungulie mlango nitoke.