Siku Niliyowasukumisha Waholanzi Baisikeli Zao

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, kama kuku aliyekalia yai viza, na ningeikalia mpaka kaburini kama bibi yangu, ndiye mke wangu Mama Amisi, asingeanza kuisimulia kwenye matanga ya watu, tena akiongeza chumvi. Basi afazali niiandike mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu, mucheke mara moja na muniache.

Musionijua, mimi njo yule mwenye depo ya simenti hapa Kindu. Nilianza na kinga moja, ndiyo baisikeli, wakati wa vita. Treni ilikuwa imesimama, lori hazipiti, chumvi inauzwa kwa kijiko, na sisi wenye kinga njo tulikuwa treni. Unafunga fimbo moja kwenye usukani ili uongoze, nyingine unaisimamisha nyuma ya kiti ili usukume, unapakia magunia mpaka kinga yenyewe haionekani, halafu unatembea kando yake, Kindu mpaka Kampene, Kampene mpaka Kindu, milima, matope, askari wa huku na askari wa kule. Nilisukuma chumvi, nilisukuma mawese, nilisukuma muchele wa Kibombo, na safari moja nilisukuma muntu: Salumu, fundi wa kushona, jirani yangu, aliyevunjika muguu kule Kampene siku watu walipokuwa wanakimbia. Siku sita nimemulaza juu ya kinga kama gunia, na mpaka leo anasema isingekuwa mimi angebaki porini. Huyo Salumu njo baadaye alifika Uholanzi, mukimbizi, akapata kazi, akazeekea huko.

Sasa nitawaambia kitu ambacho hata wanangu hawakukijua. Mimi kupanda kinga sijui. Kukaa juu yake na kukanyaga pedali, sijui. Niliinunua nikiwa muntu muzima, siku hiyohiyo nikaipakia, na tangu hapo haikubaki tupu hata asubuhi moja, maana kinga tupu ni hasara. Na vita vilipopungua nikanunua pikipiki (ilikuwa na dereva wake), kisha lori (na yenyewe vilevile). Nani angemwuliza muntu aliyetoka Kampene na kinga kama anajua kuipanda? Ni kama kumwuliza muvuvi wa Lokandu kama anajua kuogelea.

Binti yetu aliolewa Ubelgiji, na kila tukienda kumwona, mimi na bibi yangu tunachukua treni tunaingia Uholanzi kwa Salumu, siku mbili, siku tatu, tunarudi. Mara ya kwanza tulipofika nikaona inchi nzima iko juu ya kinga: wazee, mama na watoto wake wawili, muntu wa tai na koti, muntu na mbwa wake ndani ya kikapu. Salumu, anayeniita yaya kama kaka yake mukubwa, akacheka, "Yaya, umefika kwenu. Kesho tukutafutie ya kwako?"

Hapo njo kosa lenyewe, dogo kama punje. Ningesema sijui, yangeisha. Mimi nikasema, tena mbele ya jirani zake, "Hizi za kwenu ni vitoto. Mimi nimezoea za mizigo." Bahati yangu, kesho yake theluji ilianguka.

Mara ya pili nilikuwa na goti. Goti halikuwa na kitu, lakini nilichechemea kwa bidii siku mbili mpaka nikasahau ni lipi, na bibi yangu akawa analisugua la kushoto asubuhi na la kulia jioni.

Mara ya tatu sikuwa na theluji wala goti. Mutaa wa Salumu una siku yao kila mwaka, wanatoka wote na kinga mpaka shamba moja la ngombe, wanakula chapati nyembamba za mayai, wanarudi. Na safari hii mugeni wao wa heshima nilikuwa mimi. Nilitoka mulangoni nikakuta watu kama thelathini barabarani, kila muntu na kinga yake, na moja ya kijani, mupya, imefungwa bendera juu ya fimbo, inaningoja. Salumu akasimama akawasimulia kwa Kiholanzi. Nikasikia "Kampene," nikasikia jina langu, nikaona wamama wanapangusa macho. Kisha akanigeukia.

"Yaya, tangulia. Leo njo wewe unatuongoza."

Nilishika usukani. Mikono ilikumbuka kila kitu, miguu haikujua lolote. Bibi yangu alikuwa ameshakaa ndani ya sanduku la mbele la kinga ya mama mumoja, mule wanamobebea watoto, amekaa kama malkia, ananitazama. Nikakohoa.

"Salumu, waambie kwetu mukubwa hapandi kinga mbele ya watu. Anaisukuma kwanza, kwa heshima ya wenzake."

Salumu ni mutoto wa Kindu. Desturi hiyo haiko, hata babu yake hakuisikia. Alinitazama kidogo, na kwa sababu hawezi kumwangusha mukubwa wake mbele za watu, akatafsiri.

Nilizania watasema sawa, wewe sukuma, sisi tunatangulia. Kumbe Waholanzi wana heshima kupita kiasi. Waliitika kwa kichwa, mumoja akaweka mukono kifuani, na wote wakashuka, hata yule aliyembeba bibi yangu.

Basi tukaenda, watu thelathini wanasukuma kinga nzima zisizo na muzigo, kwenye njia laini kama meza, kando ya mufereji, upepo unatupiga usoni. Waliotoka upande mwingine nao walikuwa wanashuka na kuvua kofia, wakizania ni mazishi. Mimi niko mbele na bendera yangu, na (niseme kweli, kiburi hakina dawa) nilianza kuona utamu, nikarefusha hatua, nikamweleza Salumu kwamba desturi kamili ni kusukuma mpaka mwisho wa safari, lakini kwa wageni nusu ya njia inatosha. Hakutafsiri.

Kati yetu alikuwa mama muzee mumoja, Madame Hanneke, mwenye nyonga mbovu. Kwenye kinga anaruka kama ndege, lakini kutembea hawezi. Ile kinga njo miguu yake. Mimi sikujua. Bibi yangu alikuwa anamwona toka sandukuni. Akaniita kwa sauti ya soko.

"Papa Amisi."

"Nini?"

"Yule mama anachechemea. Na nyonga yake si kama lile goti lako."

Niligeuka. Madame Hanneke alikuwa ameegemea kinga yake, uso mweupe kama unga wa muhogo, anauma mudomo, na bado ananichekea kidogo, asije akaniharibia desturi yangu.

"Panda ao sema," bibi yangu akaniambia.

Muntu mwenye akili angesema. Mimi nilipanda.

Nilirusha muguu kama ninavyoona vijana wa Kindu wanarusha, nikakanyaga, kinga ikaenda, na kwa pumzi moja nilifurahi, nikawaza kumbe ni hivi tu. Kisha nikatafuta breki mukononi, haiko (za kwao nyingine zinafungwa kwa kukanyaga nyuma, nani aliniambia?), nikavuta usukani kwa nguvu zangu zote, kama ninageuza kinga ya magunia matatu, na hii haikuwa na gunia hata moja, ikageuka yote, ikatupeleka muferejini: mimi, bendera na suti niliyoshonesha kwa ajili ya safari hiyo.

Maji hayakupita kiuno. Nilisimama mule ndani, majani madogo ya kijani yamenijaa kichwani kama kofia, na juu yangu watu thelathini wananitazama. Hakuna aliyecheka. Walizania labda hiyo nayo ni desturi. Bwana mumoja alikuwa ameanza kuvua viatu.

Hapo njo nilishindwa.

"Salumu, tafsiri. Waambie mimi kinga sijui kupanda. Sijapanda tangu nizaliwe. Desturi haiko, nimeitunga mwenyewe pale barabarani."

"Yote hiyo, yaya?"

"Yote. Na goti."

Alipofika kwenye goti njo walipasuka. Salumu alikaa chini kwenye majani, anashika tumbo.

Madame Hanneke alicheka kidogo, akaacha, maumivu yalikuwa yamemuzidi. Sasa hata kupanda kinga yake muguu haukuinuka, na shamba liko mbali na nyumbani kuko mbali. Kwa sababu yangu. Nilitoka majini, nikavuta ile kinga ya kijani, nikafungua bendera, nikafunga fimbo yake kwenye usukani kwa tai yangu, na mimi na Salumu tukamukalisha mama nyuma. Nikasukuma. Hapo hakuna wa kunifundisha: mukono mumoja kwenye fimbo, mwingine nyuma ya kiti, moja kwa moja bila kuyumba, viatu vinalia maji kila hatua. Njiani akanyoosha mukono, akaniondoa jani moja kichwani.

Wengine walipanda zao wakatufuata polepole. Salumu alitembea kando yangu.

"Yaya, zile siku sita, kwenye miteremuko nilikuwa nakuomba upande tufike upesi. Ulikuwa unasema nitaumia."

"Tungeumia," nikamwambia. "Sote wawili."

Kwenye treni ya kurudi Ubelgiji nikamwuliza bibi yangu kama alijua.

"Nilijua hupandi," akasema. "Lakini nilizania ni uchoyo. Kwamba hutaki kumaliza mipira ya magurudumu."

Basi nimeapa, nikiulizwa kama najua kitu nisichokijua, nitasema sijui kabla muntu hajamaliza kuuliza. Na nimenunua kinga, naiacha tupu kwa makusudi, maana Madame Hanneke ametuma neno kwamba nyonga yake imetengenezwa na ananingoja. Kila asubuhi, nyuma ya depo, mimi niko juu na bibi yangu njo anasukuma. Mukitukuta, pitieni kando na musinisalimie, mukono wa kupunga bado sina.