Mkono wa Kushoto wa Baba Mdogo

Gunia la mazoezi lilikuwa na harufu yake. Lilijazwa magunzi na vumbi la mbao, na kila lilipopigwa lilitoa ule ukavu wa mahindi uliochanganyika na jasho la wanaume na moshi wa makaa ya mawe kutoka karakana ya reli. Upepo ukitoka ziwani ulituletea na magadi, koo zikawasha, ukumbi mzima wa lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika, ukakohoa. Lakini gunia halikunyamaza. Tu, tu, tu. Nilikuwa na miaka minane, pale Nakuru, miaka ya hamsini, na mlio huo ukinifikia nyumbani nilijua Baba Mdogo Barasa ametoka kazini, amevua ovaroli, na sasa anaurusha mkono wake wa kushoto. Niliupenda mlio huo kuliko kengele ya kanisa, Mungu anisamehe.

Barasa alikuwa mdogo wake baba yangu na kitinda mimba wa Kukhu, nyanya yangu. Sote watatu tuliishi chumba kimoja kwenye nyumba za reli, yeye akipakia mizigo kwenye mabehewa. Wazazi wangu walikuwa nyumbani Bungoma wakilima, nami nililetwa mjini nisome. Bahati gani hiyo kwa msichana wa siku zile! Ila nilikuwa na kasoro moja: mimi ni mashoto. Kijiko, fagio, kalamu, vyote mkono wa kushoto uliwahi kuvishika kabla sijafikiri. Kukhu aliona aibu isiyo na mfano. Alirarua kipande cha leso yake kuukuu, nyekundu, akawa ananifunga mkono huo kiunoni wakati wa kula, wakati wa kuandika, na kila tulipokwenda kwa watu, nisije nikampa mtu mzima salamu ya matusi. Hakuwa mkali; alinifunga huku akiniimbia nyimbo za kanisani. Mwalimu naye hakuimba. Alisema muhula ukiisha kabla sijaandika kwa kulia kama binadamu, nafasi yangu apewe mtoto mwingine, nami nirudi Bungoma nikabebe watoto wa watu. Niliandika kwa kulia, na maandishi yangu yakawa kama kuku amepita kwenye majivu. Nililia kila jioni, nasema ukweli.

Jioni moja nilitumwa ukumbini nimpelekee Barasa chai. Nilifika mlangoni nikaduwaa. Wanaume wanane wazima, wenye vifua kama magunia ya pareto, walikuwa wamesimama mstari mmoja, na kila mmoja amefungwa mkono kwa mshipi, umebanwa kiunoni kama wangu. Lakini uliofungwa ulikuwa wa kulia! Mbele yao alikuwa Mzee Odera, mwalimu wa ngumi, ambaye alijifunza mchezo huo jeshini wakati wa vita vya Burma na kurudi na goti bovu. Akapiga makofi, na wote wakaanza kurusha kushoto, kushoto, kushoto, ngumi fupi ya mkono wa mbele, iliyonyooka, ile waliyoiita jebu. Nikamuuliza Barasa wale watu wamekosa nini. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Odera hakucheka. Aliinama akaniambia, "Mtoto, mkono wa kulia ni mgeni, anakuja chakula kikiiva. Wa kushoto ndio unapika." Kisha akanionyesha kwa kidole chake kirefu. Jebu ndiyo inayopima umbali, ndiyo inayomziba mtu macho, ndiyo inayomrudisha nyuma anapotaka kuja, na ikitua puani mara thelathini, huyo jamaa hata jina lake halikumbuki tena, anakumbuka pua tu. Haitaki nguvu. Inataka mkono uende na urudi haraka, kabla mwenye nyumba hajajua kuna mtu amebisha hodi. Tangu siku hiyo sikutazama tena nokauti. Wenzangu walishangilia mtu akianguka; mimi nilihesabu kushoto. Nilimwona fundi cherehani mmoja wa Njoro, mwembamba, mwenye kikohozi, akimchosha askari wa Lanet kwa jebu tupu mpaka askari akaketi mwenyewe kwenye kigoda chake akakataa kuamka. Nilimwona Odera mwenyewe, pamoja na goti lile, akimpiga kijana jebu tatu huku akiongea na mtu mwingine. Lakini hakuna aliyemfikia Barasa. Yake ilitoka begani bila kuaga. Ungedhani amepunga tu mkono, kumbe kichwa cha mwenzake kimesharuka nyuma.

Nilikosea kumwambia Kukhu. Nilidhani atafurahi kusikia kuna mahali mkono wa kushoto unaheshimiwa. Wee! Alijitanda leso, akanikokota mpaka ukumbini, akasimama mbele ya Odera, ingawa alimfika kifuani tu.

"Mimi namfunga mtoto wa kushoto," akasema, "wewe unawafunga watu wazima wa kulia. Mmoja wetu hapa ana wazimu."

"Mama, shikamoo," Odera akasema. "Njoo Jumamosi umwone kijana wako akipigana na Nyundo wa Nairobi. Utajua ni nani."

Watu walicheka, na Kukhu alichukia kuchekwa kuliko kitu chochote. Akanionyesha mbele ya watu wote. "Barasa akimshinda huyo mtu kwa huo wa kushoto peke yake, nitamfungua huyu mtoto na sitamfunga tena. Akishindwa, msiniletee upuzi nyumbani."  Barasa alinitazama, kisha akalirudia gunia lake.

Alhamisi, mlango wa behewa ulimbana mkono wa kulia. Alirudi nyumbani ameuficha ndani ya koti, akala ugali kwa kushoto huku Kukhu amegeukia moto, asimwone. Nikajua. Odera naye alijua, akamwambia ajitoe, mapigano mengine yatakuja. Barasa akakataa. Nilipomfuata nje nikamwambia aache, mimi nimezoea kufungwa, alinisukuma kichwa kwa utani. "Nekesa, tulia. Hata hivyo huo wa kulia nisingeutumia, si nyanya yako alisema hivyo?"

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ilikuwa miaka ya kafyu ya usiku, na mapigano yote yalimalizwa jua likiwa bado juu. Kukhu alikaa mstari wa mbele na Biblia mapajani, mimi kando yake, mkono wangu umefungwa kwa sababu tulikuwa mbele za watu. Refa alikagua glavu, hakukagua kilichomo. Nyundo alikuwa pande la mtu, shingo hana. Raundi ya kwanza alikuja mbio na Barasa akampokea kwa jebu, akaja tena akapokewa tena, mpaka akasimama katikati ya ulingo akipepesa macho, haelewi njia imefungwa na nani. Raundi ya pili akazinduka, akaanza kulenga upande wa kulia, na Barasa akawa anakikinga kidevu kwa mkono ule ule mbovu. Kila ngumi iliyotua pale niliona maumivu yakipita usoni mwake. Kukhu aliacha kugeuza kurasa.

"Mbona harushi huo mwingine?" akaniuliza, kana kwamba si yeye aliyeweka sharti.

Nikamwambia yote. Mlango wa behewa, na kwa nini hakujitoa. Aliifunga Biblia. Halafu kengele ya raundi ya tatu ikalia, na yule mama wa kanisa, aliyekuwa akiita ngumi kazi ya shetani, akasimama akapiga kelele kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, "Kushoto, mwanangu! Kushoto!" Haki ya Mungu, ukumbi mzima ukaitikia. Barasa alirusha jebu raundi nzima, hata alipobanwa kwenye kona, tu, tu, tu, na nilitaka kupiga makofi nikashindwa kwa kuwa nilikuwa na mkono mmoja, nikawa najipiga paja mpaka likavimba. Alishinda kwa pointi.

Chumba cha nyuma kilikuwa na benchi na ndoo ya maji. Odera alipotoa glavu ya kulia, mkono ulikuwa umevimba kama mkate, vidole viwili vimepinda. Kukhu alitafuta kitu cha kuufunga, hakuna. Akanigeukia. Akafungua fundo kiunoni mwangu, akakitoa kile kipande cha leso, akakitumia kuufunga mkono wa mwanawe, taratibu, huku akilia na kumtukana kwa wakati mmoja. Kitambaa hicho hakikurudi kwangu. Jumatatu alikwenda nami shuleni, akamwambia mwalimu, "Huyu nimemfungua mimi. Kama kuna wa kuchapwa, nichape mimi." Mwalimu hakumchapa mtu. Nilibaki shuleni, na baadaye nikawa mwalimu mimi mwenyewe.

Vidole vya Barasa havikunyooka tena. Hakupigana tena. Hadi anakufa aliwasalimu watu kwa kushoto, na aliyesita kuupokea alitazamwa na Kukhu mpaka akaupokea. Nilimpenda kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa nakaa Lanet kwa mwanangu. Mpira na ngumi viko ukutani kwenye televisheni, na wajukuu wanarudia nokauti mara kumi, nikisema tazameni jebu, wananiambia, "Shosho, hiyo ni ya kuanzia tu." Sigombani nao. Juzi mjukuu wangu mdogo alikuwa mezani akifanya kazi ya shule, kalamu mkono wa kushoto, akainuka akaniletea kikombe cha chai kwa mkono ule ule, mbele ya wageni, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Hajui kama kuna mtoto aliwahi kufungwa. Niliweka kikombe chini, nikaushika mkono wake, nikakaa nao.

"Shosho, kuna nini mkononi mwangu?" akauliza.

Nikamwambia kuna mtu aliupigania, kwa mkono mmoja.