Nukta na Kikombe cha Maji Yanayopoa

Mume wangu ni msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Kabla kitabu hakijaingia mashineni, yeye hukisoma neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi, na wenzake wamembandika jina la Nukta kwa sababu anaweza kusimamisha kazi nzima kwa ajili ya kidoa kimoja. Nyumbani nako hapumziki. Nikisimulia jambo mbele ya wageni, ananirekebisha siku, ananirekebisha saa, mpaka utamu wote unaniishia mdomoni. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa: mapishi yangu. Mchuzi wangu kwake haukuwa na kasoro hata siku moja, na kwa hilo nilimsamehe mengine yote.

Mtu huyu amezeeka akisahihisha vitabu vya wenye shahada, na yeye mwenyewe shahada hana. Lilimkaa rohoni. Alipojiandikisha chuo kikuu kusoma lugha, masomo ya jioni, mvi zilikuwa zimeshamjaa kichwani, lakini alisoma kama mtu aliyetumwa. Akafaulu kila kitu. Likabaki somo moja ambalo alikuwa analikwepa kama watu wanavyomkwepa daktari wa meno: Hisabati na Sayansi kwa Wote. Sharti la chuo ni kwamba havai mtu joho bila kulifaulu, awe mwanasheria, awe mpiga gitaa. Nukta aliliahirisha mpaka mwaka wa mwisho. Mwaka huohuo binti yetu akaingia chuo kilekile, akasema heri yeye amalize balaa mapema. Basi baba na mwana wakajikuta darasa moja.

Wiki ya kwanza binti alirudi amevimba.

"Mama, mwambie baba asiniite mwanangu mbele ya watu. Halafu leo amesimama kumsahihisha mwalimu ubaoni."

Nilipomuuliza mwenzangu, alijibu kwamba sentensi haikuwa na kituo na yeye asingeweza kukaa akiitazama. Mwalimu mwenyewe ni dada mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na alimshukuru.

Likaja jaribio la kufanyia nyumbani, kila mtu na lake. Unamimina maji ya moto kikombeni, unatumbukiza kipimajoto, unaandika joto kila baada ya muda, kisha unachora jinsi maji yanavyopoa. Jiko langu likageuzwa maabara. Mimi nilikuwa napika huku nakunywa chai yangu yenye sukari ya kutosha, maana bila chai siwezi kukoroga chungu. Nilihitaji nafasi, nikakisogeza kikombe cha Nukta karibu na moto. Sikujua kama ni dhambi.

"Joto limepanda," akasema, kwa sauti ileile anayotumia akikuta kosa kwenye ukurasa wa kwanza.

Akachukua kalamu nyekundu. Akaisahihisha ile namba. Ya chini yake nayo ikaonekana haikukaa sawa, akainyoosha, na ya chini ya hiyo. Chakula kilipoiva, mchoro wake ulikuwa umeteremka laini kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Wa binti ulikuwa umepinda na kuyumba, na baba mtu akausikitikia waziwazi.

Binti akafaulu. Karatasi ya Nukta ilirudi na maneno kwamba namba zimenyooka mno, zimetungwa, aende ofisini. Chuoni kutunga namba ni wizi; mtu anafutiwa somo, na joho analiaga. Alikaa sebuleni bila kuvua viatu.

"Mke wangu, mimi naitwa mwongo."

Hapo damu ilinichemka. Huyu anayenirekebisha mpaka rangi ya nguo niliyovaa siku ya posa, leo ndiye mwongo? Nikajifunga kanga yangu, nikaongozana naye na binti mpaka ofisini, na nilimwaga maneno yangu yote mlangoni kabla ya kuketi. Yule dada alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Mzee, ulizibadilisha?"

"Nilizisahihisha, mwalimu."

"Nani alikuambia zimekosea?"

Nukta akafikiri. Akasema zilikuwa zimekaa vibaya.

Yule dada alijiuma midomo, na nikajua ameelewa ni mtu wa namna gani. Akampa nafasi moja tu: arudie jaribio palepale, mbele ya macho yake. Akibadilisha hata namba moja, aende nyumbani moja kwa moja. Kalamu nyekundu akaiweka kwenye droo yake.

Tulikaa kwenye benchi la ukutani, mimi na binti, tumeshikana mikono. Nukta alisoma, akaandika. Maji yakapoa taratibu, namba zikaja kwa adabu, nikaanza kupumua. Chumba kilikuwa na joto, mwalimu akainuka akafungua dirisha, upepo ukaingia. Namba iliyofuata ilianguka vibaya sana. Niliiona kwenye uso wake kabla hajaiandika. Alikitazama kipimajoto, akakifuta, akakitazama tena.  Mkono ulikwenda kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu nyekundu, ukarudi mtupu.

Akaiandika ilivyo. Kisha, maana hawezi kuacha kitu bila neno, akaandika pembeni: Mwalimu amefungua dirisha.

Yule dada alisoma, akacheka mpaka akashika meza. Akamwambia mstari ule wa pembeni ndio somo zima, na joho atavaa. Mume wangu alilia palepale, na mimi nikalia, na binti akamwita baba mbele ya mwalimu bila kulazimishwa.

Jioni hiyo nilipika mchuzi wa kusherehekea. Nukta alionja, akaweka kijiko chini.

"Chumvi imezidi," akasema.

Binti aliacha kutafuna. Nikamuuliza imezidi tangu lini.

"Tangu tuoane." Akasita. Nilidhani ameona hatari, kumbe anatafuta maneno ya pembeni. "Unaonja kwa kijiko ulichokorogea chai. Sukari inakudanganya, unaongeza chumvi."

Nilinuna, na nilikuwa na haki ya kununa. Miaka yote ile nimejiona fundi, kumbe nilikuwa nasitiriwa. Lakini kesho yake, wakati hakuna anayenitazama, nilichukua kijiko kingine. Mkono ulitaka kwenda kwenye chumvi kwa mazoea, nikauzuia. Nikapakua, nikakaa mbele yake, nikamtazama anavyomeza.

"Haya, sema."

"Leo hauna chumvi," akasema Nukta, akasogeza bakuli aongezewe mchuzi.