Stika Niliyoirefusha Kichwani

Nichekeni taratibu, maana hata binti yangu Editha bado hajamaliza kunicheka.

Nina gari dogo la abiria, Ngara hadi Rusumo. Mwaka jana nililipeleka kukaguliwa mapema, stika ya zamani ikiwa bado na muda. Mama Editha akauliza, "Sasa ule muda uliobaki si umepotea?"

"Unaongezwa mbele," nikamjibu, kama vile sheria niliitunga mimi.

"Si ungeuliza kwanza?"

"Umeolewa na dereva, tuulize nini?"

Stika mpya sikuisoma. Hata kijiweni nikawafundisha madereva wenzangu hesabu yangu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunampeleka Editha kufunga ndoa Biharamulo. Tukiwa tumekaribia mjini, trafiki akatusimamisha, akatazama kioo.

"Mzee, ukaguzi umeisha."

"Bado, afande. Nilikagua mapema, kwa hiyo muda wa zamani ulijumlishwa."

"Haujumlishwi. Mwaka mpya ulianza siku ile ile uliyokagua. Soma tarehe."

Nikashuka, nikasoma. Jasho likanitoka ndani ya suti ya kuazima.

"Gari hili halisogei," akasema afande. "Ila bibi harusi hatachelewa kwa ajili yako. Nitamfikisha kwa gari letu."

Wakahamia huko, shela na maua. Mimi nikabaki barabarani, nashindwa hata kuinua macho.

"Baba, njoo upande!" Editha akaita, akicheka hadi machozi. "Nani ataniingiza kanisani?"

Mama Editha alishakaa mbele. "Afande," akasema, "huyo ndiye mwanasheria niliyeolewa naye. Tumsogezee kidogo."