Mzee Aliyeshika Waya wa Magneto

Miaka ya hamsini, pale Buseresere, injini kuukuu ya mashine ya kusaga iligoma, nasi tukakaa juu ya magunia tukisubiri unga. Fundi akailaumu magneto, kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini.

Mzee mmoja mfugaji akacheka. "Betri hakuna. Moto utatoka wapi?"

"Baba, sumaku ikizunguka, moto unazaliwa humo humo. Shika waya huu wa plagi."

Fundi akazungusha gurudumu.

"Sisikii kitu," mzee alisema, akitutazama kwa ushindi.

Fundi akasugua platini, vile vyuma viwili vya magneto vinavyogusana na kuachana, zilizojaa mafuta, akazungusha tena. Mzee akamwita mama yake kwa Kisukuma na kuangukia magunia.

"Imepona!" fundi akashangilia.

"Na mimi je?"

Tulicheka, lakini namheshimu. Wabishi wengi husimama mbali na waya.