Nati Nilizozikaza kwa Hasira

Kofi la mjomba lilinikuta nimechuchumaa kwenye tairi la mbele la lori lake, upande wa dereva, hapo gerejini kwetu Masasi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na mke wangu alikuwa amesimama palepale na chupa ya uji. Kosa langu ni kwamba safari iliyopita nilifunga nati bila oili. Vumbi la Newala na kutu vikazishika, na asubuhi hiyo nilipolazimisha kuifungua moja, bolti likakatika.

"Mama yako alinizalia mzigo," akasema, wateja wakisikia.

Sasa, kwetu sisi, watoto wa dada ni wa mjomba. Ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenioza, ndiye aliyenishikisha spana. Mjomba harudishiwi kofi. Ningeinua mkono, mama yangu mwenyewe angenifukuza. Basi nikameza. Uongo, sikumeza kitu. Nilimtakia mabaya ambayo hata leo nayaonea haya.

Nikaweka bolti jipya, kisha nikayamwagia mabolti yote oili chafu, maana si alitaka oili? Haya. Alikuwa amenifundisha mwenyewe: nati kavu waweza kuiongezea nguvu kwa bomba, lakini yenye oili ikaze kwa nguvu ya mkono tu, kwa sababu inateleza na kwenda mbali kuliko unavyodhani, na bolti linavutika mpaka linachoka. Nilijua vizuri sana. Nikachukua bomba refu la chuma, nikalichomeka kwenye mpini wa spana, nikapanda juu yake kwa miguu miwili na kuruka. Kila nilipotua nilikuwa namkanyaga yeye, kifua, shingo, ule mdomo uliomtaja mama. Chuma kikalia. Nilizimaliza nati zote za tairi lile hivyohivyo, naye amekaa benchini nyuma yangu anakunywa uji wa mke wangu.

Mjomba alipeleka salfa, dawa ya mikorosho, Chilangala, akapakia mihogo mikavu. Wakati wa kushuka mlima, mabolti yakakatika, tairi likachomoka na kutangulia mbele yake. Lori likalala upande wa dereva, mguu wake wa kulia ukasagwa chini ya mlango. Hospitali ya Ndanda wakaukata juu ya goti.

Siku ya pili wapwa wenzangu wawili, watoto wa mama mdogo, walinifuata gerejini na mipini ya majembe. Walinipiga mbavu, walinipiga kichwa, wakaning'oa meno mawili, wakisema niliacha nati zimelegea makusudi. Niliapa kwa damu mdomoni kwamba nilizikaza. Wakazidi kunipiga. Nami sikuthubutu kutaja kosa lililokuwa langu kweli.

Nilikwenda Ndanda uso umevimba, jicho moja limefumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Pale mguu ulipopaswa kuwa shuka ilikuwa imelala bapa. Nikapiga magoti sakafuni.

"Mjomba, sikuzilegeza. Nilizikaza kwa bomba, na oili juu. Nilikuwa nakukanyaga wewe."

Akaushika mkono wangu, mkono uleule wa spana, akaubana kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Sikuuvuta.

"Najua," akasema. "Nilikuwa benchini. Kila uliporuka nilisikia chuma kinalia."

Nikamuuliza kwa nini hakunizuia.

"Nilishakupiga mbele ya mkeo. Nikasema moyoni, mwache azipige nati badala yangu, akimaliza tutakuwa sawa."