Pua ya Staa wa Kihindi

Mwaka jana mgahawani Hedaru, taarifa ya habari ilimwonyesha mwigizaji wa Kihindi tuliyelia naye ujanani. Sasa ni bibi mwenye mvi, mwanaharakati, ameketi chini na watu waliovunjiwa nyumba, analia.

“Anaigiza huyo,” alisema mama lishe, mikono kiunoni. “Toka akiwa binti analipwa kulia.”

Mama mmoja wa Mamba, kule milimani, aliyeshuka kuuza tangawizi, aliacha chai yake akaisogelea runinga.

“Hapana, dada. Kwenye filamu zake zote yalishuka machozi tu, kamasi hata siku moja. Leo tazama, anapenga kwa ncha ya sari.”

Mama lishe alitazama. Mikono ikashuka.

Nami niliondoka na kipimo hicho. Viongozi wetu wakija kutulilia msibani, siangalii tena macho, naangalia pua. Hadi leo sijaona iliyolowa.